Stoo ya mbao ya futi 8 kwa 6: nitajuaje kama inastahili bei yake?

Swali: Mwanangu fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Uyole, Mbeya. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mboga na miche ya parachichi, na sasa nahitaji stoo ndogo ya kuweka majembe, bomba la kupulizia dawa, mipira ya maji na mifuko michache ya mbolea. Kuna fundi ana stoo ya mbao aliyokwisha kuijenga, futi 8 kwa 6, imepakwa rangi ya kijani na inapendeza. Anataka shilingi 1,400,000. Fundi wa mtaani kwangu anasema atanijengea ya ukubwa huohuo kwa mabanzi kwa shilingi 600,000. Mimi nikitazama naona mbao tu. Nikague nini, na thamani yake nitaijuaje?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Kabla hujatoa shilingi kwa yeyote kati ya hao wawili, rudi kwenye ile stoo ya kijani, zunguka upande wa nyuma, uiname utazame pale mbao zinapokutana na ardhi. Magoti yakikataa, nenda na mjukuu. Rangi uiache kabisa. Uhai wa stoo ya mbao huku kwetu unaamuliwa kwenye ile futi moja ya chini, na hapo ndipo wauzaji wengi hawapendi mteja achungulie.

Mbao haiozi kwa sababu ya kuzeeka. Inaozeshwa na ukungu, na ukungu hauwezi kuila mbao mpaka unyevu wake uzidi kama asilimia 20. Mbao iliyoinuliwa, inayopigwa na upepo pande zote, hata ikinyeshewa hukauka ikarudi chini ya kiwango hicho. Mbao iliyolala kwenye udongo haikauki. Mvua zinaanza Novemba, zinakwenda hadi Aprili au Mei, na muda wote huo mbao ile inanyonya maji. Kwa hiyo ukikuta nguzo zimechimbiwa ardhini bila dawa, au mbao ya msingi (ile ya chini kabisa inayobeba nguzo) imelazwa juu ya udongo, bei ishuke sana au uachane nayo, hata kama sehemu nyingine zote zimejengwa kwa ustadi. Unachotaka kuona ni stoo iliyokaa juu ya tofali za zege, mawe yaliyojengewa au jamvi lililoinuka, mbao ya kwanza ikiwa angalau inchi 6 juu ya ardhi. Kati ya zege na mbao pawe na kipande cha nailoni ngumu au lami, maana zege nalo hunyonya maji likayapandisha kwenye mbao.

Chukua bisibisi au kisu chenye ncha, uchome mbao ya msingi sehemu kadhaa, hasa kwenye pembe na chini ya mlango. Mbao nzima inakataa ncha. Iliyoanza kuoza inaipokea, na kipande ukikibandua kinakatika kifupi bila nyuzi. Usione haya kumwambia fundi kwamba unataka kuchoma. Anayejiamini atakushikia tochi. Palepale tafuta vijia vya udongo vinavyopanda kwenye mbao au tofali, hiyo ni njia ya mchwa. Kule Usangu na Chunya kwenye joto wanasumbua kuliko huku kwenye baridi, lakini Uyole pia wapo.

Ukishamaliza chini, inua macho utazame upenu, yaani sehemu ya paa inayozidi ukuta, maana vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Bati likiishia palepale ukuta unapoishia, maji yote ya paa yanateremka ukutani, na yakifika chini yanarusha tope kwenye mbao za chini. Upenu wa futi moja ni wa chini kabisa, na futi moja na nusu ni bora. Kwa watu wa Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000 sehemu nyingi, mimi hukataa kabisa kujenga kwa upenu mfupi. Stoo ikiwa na upenu mpana na miguu mikavu, inaweza kuvumilia kasoro nyingi nitakazozitaja hapa chini.

Sasa mbao zenyewe. Karibu mbao zote za bei ya kawaida Mbeya, Njombe na Iringa ni paini, nyingi zinatoka Mufindi na Njombe. Shamba la miti la Sao Hill, lile la serikali lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, huachia miti ikomae kabla ya kuvuna. Wakulima wadogo wengi hawawezi kungoja, wana ada za shule na shida za nyumbani, hivyo miti huvunwa ikiwa bado michanga. Huyo mkulima simlaumu, lakini wewe mnunuzi unapaswa kujua unanunua nini. Tazama kichwa cha mbao, pale ilipokatwa. Pete za mti zikiwa pana sana, na katikati unaona kiini chenyewe, yaani moyo wa mti, basi mbao hiyo imetoka kwenye mti mchanga na itajikunja. Kwenye ukuta mbao moja au mbili za namna hiyo si hoja. Kwenye nguzo za pembe na fremu ya mlango ni kasoro kubwa, kwa sababu nguzo ikijipinda mlango haufungi.

Tazama pia unene. Mbao nyingi za vijijini zinapasuliwa kwa zile mashine zinazohamishwa shambani kwa shamba, maarufu kama dingdong, na unene wake hautabiriki: mbao moja inaanza na inchi moja, inaishia robo tatu. Pima kwa futi kamba sehemu tatu za mbao moja. Ukiambiwa ni 2x3 (inchi 2 kwa 3), pima. Kupungua kidogo baada ya kupigwa randa ni halali, lakini 2x3 iliyogeuka kuwa inchi moja na nusu kwa mbili na robo ni mbao nyingine na bei yake ni nyingine. Vifundo visikutishe vikiwa vidogo na vimeshikamana. Kifundo kinachocheza, au kinachokula zaidi ya theluthi ya upana wa nguzo, ndicho kinachovunja. Rangi ya bluu au kijivu inayoonekana kwenye paini ni ukungu wa kutia rangi tu, si ule wa kuozesha, haupunguzi nguvu ya mbao, ila unakuambia mbao hiyo ilikaa mbichi kwenye lundo muda mrefu.

Kubwa kuliko hayo ni ukavu. Mbao mbichi ikijengwa hukaukia ukutani, na paini hupungua kwa upana wakati urefu karibu haubadiliki. Mbao ya inchi 8 inaweza kupoteza milimita kadhaa, na ukuta uliokuwa umeziba unaanza kuonyesha mwanga. Misumari nayo inalegea, kwa sababu tundu lililoishika wakati mbao imevimba halibani tena. Ikiwa stoo hiyo imesimama kiangazi chote, mambo haya yamekwisha kutokea na utayaona kwa macho: ingia ndani mchana, ufunge mlango, uone mwanga unapoingia. Ikiwa imejengwa juzi, omba kipande cha mabaki ya mbao zilezile. Kapime dukani kwenye mizani, kisha ukikaushe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi, hadi uzito uache kushuka (jua peke yake halitoi unyevu wote). Kilichopotea kigawe kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 500 kikifika gramu 400, mbao ilikuwa na unyevu wa asilimia 25, na hapo ujue ukuta utafunguka. Kwa kazi ya nje kama hii ningependa chini ya asilimia 18.

Kuhusu dawa, muulize fundi swali moja: mbao ilichovywa, ilipakwa, au iliingizwa dawa kwa mtambo wa shinikizo? Majibu hayo matatu hayalingani hata kidogo. Ya mtambo inaingia ndani ya mbao na kuiachia ukijani uliofifia, ya kupaka inabaki kwenye ngozi. Kwa sababu stoo hii tayari ni ya kijani kwa rangi, huwezi kuamua kwa kuitazama nje. Mwambie akate kipande cha mbao katikati ya urefu wake, si kichwani, kwa kuwa kichwani dawa huingia kirahisi na kukudanganya. Ukiona ukijani umeishia unene wa karatasi, hiyo si mbao ya dawa. Mimi nalipa zaidi kwa mbao ya mtambo kwenye mbao ya msingi na nguzo za pembe tu. Kuta na paa vilivyo juu ya ardhi, chini ya upenu mzuri, havihitaji gharama hiyo. Lakini Mwalimu, dawa ya mtambo inayotumika zaidi ina shaba, kromu na aseniki, kwa hiyo mabaki yake kamwe yasiingie jikoni kuwa kuni, wala majivu yake bustanini. Waambie na watoto wa nyumbani.

Na oili chafu ya magari, ambayo kila mtu atakushauri upake? Siipendi kwa stoo ya bustani. Inasaidia kidogo kufukuza maji, lakini harufu inaingia kwenye mbegu, mvua inaiteremsha kwenye mboga zako, na siku ukitaka kupaka rangi haitashika.

Fremu utaikagua kwa mkono na futi kamba. Simama kwenye pembe, shika juu kabisa usawa wa mtambaa panya (mbao inayolala juu ya ukuta kubeba paa), usukume kwa nguvu upande hadi upande. Ikiyumba na kurudi, haina mbao za mshazari. Kuta nne zenye nguzo zilizosimama tu na mbao za kulala zinategemea misumari peke yake, na upepo wa kiangazi wa Uyole utaichezesha kila mwaka mpaka iegemee upande. Kisha pima sakafu kutoka kona hadi kona. Ukubwa uliochagua una bahati: kwa futi 8 kwa 6 kamili, mshazari ni futi 10 kamili, pande zote mbili. Tofauti ya nusu inchi naisamehe. Inchi mbili maana yake fundi hakupima pembe, na kama hakupima pembe sijui nini kingine hakupima. Nguzo zisiachane zaidi ya futi 2.

Misumari itazame pia. Msumari uwe na urefu wa kama mara tatu ya unene wa mbao unayoifunga, hivyo mbao ya inchi moja inataka msumari wa inchi mbili na nusu hadi tatu. Misumari miwili kila mbao inapovuka nguzo. Mbao za ukuta zilalie, ya juu ikifunika ya chini kwa inchi moja au zaidi. Zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu bila kufunikana, hata kama leo zimebana, maji yatapita. Ukiona mchirizi wa kutu chini ya vichwa vya misumari kabla hata ya masika ya kwanza, hiyo ni misumari ya kawaida, na ukiweka mbolea humo itakwisha haraka zaidi.

Paa halina mengi. Uliza geji, yaani namba ya unene wa bati, ukikumbuka kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba: 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jembamba mno kwa mahali pa mvua ya mawe. Hakikisha kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwenye mtambaa panya kwa waya au kipande cha chuma, si msumari mmoja wa kuegesha. Stoo tupu ni nyepesi, na upenu mpana niliousifia unaupa upepo mahali pa kushika, kwa hiyo stoo nzima nayo lazima ifungwe kwenye msingi kwa nondo au bolti. Mtu wa Makambako, kwenye upepo mkali, hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Mlango mimi huutazama mwisho, nikiwa nimekwisha kuwa na maoni, kwa sababu unaonyesha kama fundi anaelewa kazi au anaiga. Nyuma yake kunapaswa kuwa na mbao ya mshazari. Ianzie chini upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa komeo. Hivyo uzito wa mlango unasukumwa kuelekea kwenye bawaba ya chini. Ikipigwa kinyume, misumari ndiyo inayobeba, na baada ya miezi mlango unaburuza chini. Bawaba ziwe tatu. Komeo lifungwe kwa bolti inayopita hadi ndani, la sivyo mwizi anahitaji bisibisi tu.

Nije kwa fundi wako wa mabanzi. Watu huyadharau mabanzi kuliko yanavyostahili. Banzi ni ubavu wa nje wa gogo, lina unene usio sawa na mara nyingi bado lina gome, na chini ya gome ndiko vidudu vinavyotoboa mbao hujificha. Ukuta wa mabanzi hauwezi kuziba vizuri, hivyo mbolea na mbegu zitapata unyevu. Lakini kama atakubali kubandua gome lote, kutumia nguzo za 2x3 zilizonyooka, na kuinua stoo juu ya tofali kwa upenu mpana, nitaichagua ya kwake kuliko ya kijani iliyolala kwenye udongo. Ukuta wa mabanzi unaweza kubadilishwa banzi kwa banzi. Mbao ya msingi iliyooza haibadilishwi bila kuinua jengo zima. Muulize bei yake inajumuisha nini, maana kwa shilingi 600,000 nina wasiwasi kwamba nguzo nazo atazitoa kwenye mabanzi au mirunda mibichi.

Kuhusu thamani, usianze na bei za hao mafundi. Anza na kuhesabu. Stoo ya futi 8 kwa 6, ukuta wa mbele futi 7 na nusu, wa nyuma futi 6, paa likiteremka upande mmoja, inakula hivi kwa mbao za futi 12: kama mbao 20 za 2x3 kwa fremu, kama 30 za 1x8 kwa kuta na mlango (eneo la kuta ni kama futi za mraba 190, na kila mbao ikilalia inchi moja inafunika futi za mraba 7), 5 za 2x4 kwa paa, 4 za 2x2 za papi (mbao za kupigilia bati), na bati 4 za mita 3 zinazotosha kutoa upenu mrefu mbele na nyuma. Sakafu ya mbao ikiwepo ongeza 2x4 sita na 1x8 saba. Hapo hujaweka tofali za msingi, misumari, bawaba, komeo na rangi. Nimetaja ukuta wa nyuma futi 6 kwa sababu mbao moja inatoa nguzo mbili bila kupoteza kitu. Fundi akipunguza ukuta wa mbele nao hadi futi 6, ameokoa mbao zake, na wewe utaingia umeinama.

Chukua hesabu hiyo hadi kwenye maduka mawili ya mbao, uliza bei ya leo ya kila moja ikiwa kavu. Ongeza ufundi wa mtu mmoja na msaidizi kwa siku nne au tano, kwa ujira wa Uyole. Jumla hiyo ndiyo mizani yako. Stoo ya kijani ikizidi jumla hiyo kwa robo, kwangu ni haki: mtu ametanguliza mtaji wake na wewe unapata leo. Ikizidi kwa nusu, umwonyeshe hesabu mkae mzungumze. Ikiwa chini ya jumla ya vifaa peke yake, usifurahi haraka, tafuta ni mbao gani imekosekana.

Kisha gawa kwa miaka. Stoo ya 1,400,000 yenye miguu mikavu na upenu, inayodumu miaka 12, inakugharimu kama 117,000 kwa mwaka. Hiyohiyo ikiwa imelala kwenye udongo ikakuishia baada ya miaka minne, ni 350,000 kwa mwaka. Ya mabanzi ya 600,000 ikidumu mitatu ni 200,000. Unaona jinsi tofali chache za chini zinavyoweza kubeba bei kuliko rangi.

Usisahau usafiri. Stoo nzima ya ukubwa huo haiingii kwenye kirikuu, itataka kenta na watu wa kuinua, na njiani fremu inatikisika. Uliza kama kuta zimeunganishwa kwa bolti, zinafunguka zikawa vipande vinne. Kama zimepigiliwa misumari, bei unayoambiwa iwe ni ya stoo ikiwa imesimama kwako, imenyooka kwa pimamaji, mlango unafunga, na malipo ya mwisho utoe hapo.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini na fedha zako, kama huna haraka, ningenunua mbao mwenyewe mwezi wa sita, nizipange kivulini zikiwa na vipande kati yake ili hewa ipite, nijenge Septemba au Oktoba kabla ya mvua, na kazi nimpe yule fundi wa mtaani wako, ambaye nikimwita kurekebisha atakuja. Ukienda kuzinunua Mafinga kwa wingi, dai risiti na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, kwa sababu barabarani utaulizwa.

Stoo yoyote utakayochagua, acha nafasi ya hewa chini ya bati na uizibe kwa wavu. Mbolea iwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na mifuko iliyofunguliwa ifungwe kwenye nailoni kwa kuwa inavuta unyevu na kula misumari na bati. Dawa za kupulizia zisilale pamoja na mbegu, zitafutie kisanduku chenye kufuli ndani ya stoo hiyohiyo, juu kuliko mkono wa mjukuu.